Mkubwa Yuko Mwala

BARTHOLOMEW: Haloo? Nani mwenzangu?

NDANU: Haloo, mkubwa. Ni mimi, Ndanu, msaidizi wako. Habari ya asubuhi?

BARTHOLOMEW: (kwa sauti ya chini) Ah, Madam Ndanu. Nzuri. Si wewe uliomba ruhusa jana? Shangazi yako wa Masii anaendeleaje?

NDANU: Ana nafuu. Amekunywa chai.

BARTHOLOMEW: Afadhali. Haya, basi tuta—

NDANU: Na wewe ulifika Mwala salama?

BARTHOLOMEW: Mwala? Eeh. Nilifika. Niko hapa kwa shule ya Mwalimu Kitheka, katikati ya ukaguzi. Vumbi huku, Ndanu! Vumbi!

NDANU: Pole. Lakini mbona nasikia vijiko?

BARTHOLOMEW: Vijiko gani?

NDANU: Vinagonga vikombe. Na kuna redio inaimba polepole, kama ya hoteli.

BARTHOLOMEW: Hao ni wapishi. Wanagawia watoto uji.

NDANU: Na vijiko vya chai?

BARTHOLOMEW: Mtandao, Ndanu! Mtandao wa huku unageuza sauti.

(Mtandao unakwaruza.)

NDANU: Na hakuna hata mbuzi? Mwala yote hiyo, bila mbuzi mmoja?

BARTHOLOMEW: Wako wengi.

NDANU: Siwasikii.

BARTHOLOMEW: (akisogeza mdomo mbali na simu) Meee.

NDANU: Huyo ni mbuzi?

BARTHOLOMEW: Mdogo. Amezaliwa juzi.

NDANU: Sawa. Mkubwa, niko na neno na Mwalimu Kitheka. Mpatie simu.

BARTHOLOMEW: Kitheka? Ako darasani.

NDANU: Mwite. Nitangoja. Kredo ya simu ni yangu.

BARTHOLOMEW: Ndanu, kazi ya ukaguzi si—

NDANU: Kidogo tu, mkubwa. Tafadhali.

BARTHOLOMEW: (anapumua) Haya. Ngoja hapo.

(Kiti kinasukumwa. Mtu anakohoa.)

BARTHOLOMEW: (kwa sauti nzito ya kukwaruza, akijifanya Kitheka) Haloo! Kitheka hapa.

NDANU: Mwalimu! Mbona sauti imezeeka hivyo?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Ni chaki, mwiitu wakwa. Binti yangu, hii kazi imetumaliza kifua.

NDANU: Pole sana. Mkubwa ako karibu? Anasikia?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Hapana. Ameenda kukagua vyoo.

NDANU: Vizuri. Basi nikuambie siri. Lakini usimwambie hata kidogo.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Mimi? Mimi ni kaburi.

NDANU: Siko Masii. Shangazi yangu ni mzima, hata jana alikuwa shambani akipalilia.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Wacha! Kumbe uko wapi?

NDANU: Niko hapa Machakos, kwa ile hoteli ya juu karibu na kilima. Nimejibanza nyuma ya jikoni. Unajua ile feloshipu ya viongozi wa sera ya elimu? Unaenda ng'ambo mwaka mzima, unaona vile wenzetu wanapanga shule zao, halafu unarudi kusaidia kupanga zetu. Niliomba kimyakimya, wakaniita. Nimetoka mbele ya jopo sasa hivi.

(Kijiko kinaanguka sakafuni.)

NDANU: Mwalimu?

BARTHOLOMEW: (kwa sauti yake mwenyewe) Umeomba— (anakohoa, anarudi kwa Kitheka) Umeomba bila kumwambia mkubwa wako?

NDANU: Ningemwambiaje? Nafasi ni moja, eneo lote hili. Na nasikia hata yeye ameomba.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Nani amesema?

NDANU: Watu. Ati ameshona suti.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Kwani mtu hawezi kushona suti?

NDANU: Ya kwenda kukagua vyoo Mwala?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Watu wana maneno.

NDANU: Na gari la ofisi liko hapa nje, Mwalimu.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Magari hufanana, mwiitu wakwa.

NDANU: Hata ile taa iliyofungwa na kamba ya katani?

(Mtu anakohoa.)

NDANU: Haya, tuache gari. Shida yangu ni hii. Mama mwenyekiti wa jopo anataka neno la mkubwa wangu, leo hii. Amempigia asubuhi yote, hashiki. Si unajua mzee hashiki namba asiyoijua? Asiposema kitu, wananitoa.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Kwa nini usimpigie wewe mwenyewe umweleze?

NDANU: Nimempigia. Ameshughulika na mbuzi.

(Mtandao unakwaruza tena. Mtu anapumua karibu sana na simu.)

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka, polepole) Ndanu. Na kama kweli huyo mzee anataka kwenda? Amebakisha kidogo astaafu. Miaka yote anatia sahihi barua za watu wengine kwenda. Huyu Uingereza, huyu Kanada. Yeye hajawahi kuitwa hata siku moja.

NDANU: Najua.

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Unajua nini?

NDANU: Mimi ndiye humpelekea hizo barua. Anazisoma, anazirudia, ndiyo atie sahihi. Na hiyo siku hataki chai.

(Kikombe kinasukumwa kando.)

NDANU: Sitaki aniachie, Mwalimu. Ashindane, akinishinda nitampeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Nataka tu aseme ukweli juu yangu. Ule mpango wa darasa la mchana—

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Wa watoto wa maji.

NDANU: Huo. Elimu ilipofanywa ya bure, madarasa yalifurika mpaka watoto wakakaa dirishani, na wale wa kuchota maji asubuhi wakaacha kuja kabisa. Nani alizunguka kijiji baada ya kijiji akiuliza wazazi kama mtoto anaweza kusoma mchana?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Wewe.

NDANU: Na nani alisimama Nairobi akapigiwa makofi?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Lakini alikutaja!

NDANU: Alisema "ofisi yangu".

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Sasa... si ofisi ni wewe?

NDANU: Mwalimu, hilo jibu angelitoa Nairobi, leo nisingekuwa nimejificha na masufuria.

(Mlango unafunguliwa. Sauti ya mwanamume kwa mbali: "Bwana Bartholomew Nzioka! Karibu ndani!")

NDANU: Mwalimu Kitheka, nani anamwita mkubwa huko Mwala?

BARTHOLOMEW: (kama Kitheka) Ni— ni wazazi. Wamekuja mkutano.

NDANU: Wazazi wa Mwala wanaita na adabu hivyo?

BARTHOLOMEW: (kwa sauti yake) Ndanu, wacha niende. Nimeitwa. Haya, kwaheri, kwaheri!

NDANU: Mkubwa? Hujakata simu! Haloo? Mkubwa!

(Nguo inasugua simu. Hatua. Mlango unafungwa. Sauti sasa zinatoka mbali, kama kutoka mfukoni.)

MWENYEKITI: Karibu, Bwana Nzioka. Keti.

BARTHOLOMEW: Asante, mama. Lakini kabla sijaketi. Kuna mtu mmekuwa mkimtafuta kwa simu. Mkubwa wa Ndanu.

MWENYEKITI: Kweli kabisa. Unamfahamu?

BARTHOLOMEW: Ni mimi.

MWENYEKITI: Wewe? Si umekaa hapo nje tangu asubuhi, simu ikilia mkononi!

BARTHOLOMEW: Nilikuwa Mwala.

MWENYEKITI: Ati?

BARTHOLOMEW: Tuseme nimerudi sasa. Mama, andika. Darasa la mchana ni kazi ya Ndanu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilitia sahihi, halafu nikabeba makofi nikaenda nayo nyumbani.

NDANU: (kwa sauti ndogo) Mkubwa...

MWENYEKITI: Tumekusikia. Sasa nikuulize. Huyu msaidizi wako akienda mwaka mzima, ofisi itakuwaje?

BARTHOLOMEW: Itaanguka.

MWENYEKITI: Na ukienda wewe?

BARTHOLOMEW: Haitakuwa na shida. Si yeye ako?

(Kalamu inawekwa mezani.)

MWENYEKITI: Bwana Nzioka, umesikia vile umejibu?

BARTHOLOMEW: (anacheka kidogo) Nimejisikia. Haya. Basi mpeni yeye. Mpeni, aende.

NDANU: (analia na kucheka) Aki mkubwa, sikukuambia useme hivyo!

MWENYEKITI: Sisi ndio tutaamua, lakini umeturahisishia kazi. Sasa tukuruhusu uende?

BARTHOLOMEW: Hapana, mama! Nihojini mpaka mwisho. Mimi huhoji watu tu. Sijawahi kuhojiwa.

MWENYEKITI: Sawa. Keti vizuri. Kwa nini unataka feloshipu hii?

BARTHOLOMEW: Kusema ukweli... nilitaka kuona theluji.

NDANU: Wee! Usiwaambie hivyo! Sema sera! Sema uhaba wa walimu!

MWENYEKITI: Bwana Nzioka, nani anapiga kelele mfukoni mwako?

NDANU: Sema darasa la mchana tulilifanya pamoja! Mkubwa! Sema ni wewe uliwabembeleza machifu! Sema tuli—

(Milio mitatu mifupi. Kredo imeisha.)