Bi Minara, Wifi Yake na Namba Iliyopakwa Ukutani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi Minara atakabidhi kitambulisho chake cha kazi pale mapokezi na kutoka kwa mlango wa mbele, baada ya miaka ishirini na saba katika Dawati la Simu la ofisi yetu ya kutetea wateja. Anastaafu akiwa na afya njema, meno yote isipokuwa moja, na maoni kuhusu kila mtu. Kamati ya sherehe ilipotafuta wa kuandika wasifu wake, wenye shahada walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi. Kalamu ikaangukia kwa kijana wa dirisha namba mbili, ambaye aliacha shule kidato cha pili na shule ndiyo iliyopata hasara. Wasomaji watulie, wako kwenye mikono salama.

Jina la Bi Minara halimo kwenye cheti chochote. Alipewa na madereva wa ofisi, kwa sababu hawezi kupita karibu na mnara wa simu bila kusimamisha gari, kushuka, na kuukagua juu hadi chini kama mtu anayetaka kuununua. Dereva mmoja mstaafu anasema safari ya saa moja na Bi Minara ilikuwa ya kutwa, na chakula cha mchana kililiwa chini ya nyaya.

Alianza kazi kama mpiga chapa, enzi za mtandao mmoja tu. Kulinganisha kulikuwa rahisi wakati huo: ama ulikuwa na simu ama ulikuwa na jirani mwenye simu. Mitandao ilipofika mitatu, watu walianza kuja ofisini kuuliza wachague upi, na wakubwa wakatazamana. Bi Minara akaacha mashine yake ya chapa, akavuta kiti, akaanza kuwajibu. Hakuna aliyemteua. Barua ya uteuzi ilikuja baadaye, yeye mwenyewe akaichapa.

Kwa kuwa jarida letu la ofisi haliruhusiwi kumtukana mtu kwa jina, alibatiza mitandao kwa majina yake. Tajiri anashika kila mahali na anakukamua kila mahali. Mchumba ana ahadi nyingi, dakika za bure na intaneti ya bure, lakini ukisoma maandishi madogo unakuta bure yenyewe ni ya saa ambazo walio macho ni wezi na watoto wachanga. Mgonjwa anaamka vizuri asubuhi, ikifika mchana hajiwezi. Majina haya yamezoeleka mpaka wateja wanafika dirishani na kusema, "Kijana, nimechoka na Mchumba, nataka kuhamia kwa Tajiri," na walio nyuma kwenye foleni wanageuka kumtazama.

Sasa tuje kwenye kipimo chake, maana ndicho kilichomtofautisha na wapimaji wengine wote. Ofisi ilimnunulia mashine ya kupima mawimbi. Mashine hiyo hadi leo inafanya kazi nzuri ya kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Bi Minara alipima kwa kumpigia wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke ambaye akianza kuzungumza hapumui. Angeingia kwenye lifti, kwenye choo cha ghorofa ya chini, nyuma ya magunia ya sokoni, ampigie, aseme "Wifi, habari za huko," kisha anyamaze. Kazi iliyobaki ilikuwa ya wifi. Kisa cha kuku wa jirani kikifika kizima, mtandao umefaulu. Kikifika na mapengo, Bi Minara anahesabu mapengo. Wifi hakujua kwamba yeye ni kifaa cha ofisi. Alidhani anapendwa tu, na hakukosea.

Kipimo hicho kiliwahi kumwangusha, na kwa kuwa yeye mwenyewe amewacheka wengi, hapa nasi tumcheke kidogo. Wiki moja alimpigia wifi kwa mtandao wa Mchumba kutoka kila kona ya mji, na kila mahali ni kimya. Akaandika ukurasa mzima kwamba Mchumba amekufa, wasomaji wahame. Mwakilishi wa Mchumba akaja mbio akiwa amebeba makaratasi ya mitambo yake, anatoka jasho, anaapa kwamba minara yote ni mizima. Ndipo ikajulikana kwamba wifi alikuwa amenuna. Bi Minara alisahau kumpa pole ya goti lililokuwa linamuuma, basi akawa anapokea simu na kukaa nayo sikioni bila kusema neno. Toleo lililofuata lilibeba masahihisho mafupi kuliko yote katika historia ya jarida: "Mtandao ulikuwa mzima. Aliyenuna ni wifi."

Kwenye simu zenyewe hakuwa na huruma. Kila simu mpya iliyoletwa kupimwa aliitia mfukoni mwa gauni, akainama juu ya ndoo ya maji kama mtu anayefua, tuone itafanya nini. Halafu aliikalia. Simu iliyopona ndoo na makalio ya Bi Minara, basi hiyo ni ya kununuliwa. Kuna kampuni ilileta simu yenye betri ya siku mbili, akampa mpwa wake aende nayo shule, na kabla ya mchana ilikuwa gizani. Akaandika: "Inadumu siku mbili ikizimwa." Kuhusu kamera ya nyingine aliandika kwamba inamtoa mtu vizuri kuliko alivyo, jambo ambalo kwa anayetafuta mke ni faida na kwa anayeuza ng'ombe ni kesi.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa kuhusu kuhama mtandao bila kubadili namba. Sheria ilipokuja, watu hawakuiamini. Walidhani ukimwacha Tajiri unamwachia na namba, kama mpangaji anayeondoka na kuacha balbu. Bi Minara alizunguka sokoni, gereji, hospitalini, na maneno yale yale: "Namba ni yako. Mtandao ni mwenye nyumba tu, akikuzingua hama." Akabandika tangazo kubwa juu ya meza yake lenye masharti ya kuhama, na la kwanza kabisa kwa herufi nyekundu: hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Maelfu walihama. Yeye akabaki na Tajiri wake miaka yote, akitwambia daktari halazimiki kuugua.

Mwaka huu ameugua. Amejenga nyumba ya kustaafia nyuma ya kilima cha machimbo ya kokoto, nyumba nzuri, ina veranda na upepo, na Tajiri hafiki. Mchumba hafiki. Anayefika huko, na tuliposikia tulilazimika kutoka nje kucheka, ni Mgonjwa peke yake. Bi Minara akameza mate, akaenda duka la Mgonjwa kuomba kuhamisha namba yake. Jibu likaja kwa ujumbe mfupi: ombi limekataliwa, wewe si mmiliki wa laini hii. Laini imesajiliwa kwa jina la ofisi, maana namba aliyoitumia miaka yote ndiyo ya Dawati la Simu. Alikuwa amekaa chini ya lile tangazo lake miaka yote hiyo na hakuwahi kujiuliza.

Siku hiyo tulimtania mpaka mpishi wa kantini akatukataza. Kisha tukaona hacheki, na yeye hucheka hata akiumwa jino.

Sababu ni wifi. Miaka hii ya karibuni kumbukumbu za wifi zimeanza kuvuja. Mwanawe, anayeishi naye mbali na hapa, anasema mama anasahau kama amekula, na yeye mwanawe anamwita kwa jina la babake. Lakini namba ya Bi Minara imebaki kwenye kidole. Kila siku jua likianza kupoa, mama huyo anachukua simu yake ndogo ya kubonyeza, anaipiga namba yote kwa mkono wake, hakosei. Mwanawe alijaribu kumwekea namba nyingine ya kumpata Bi Minara kwenye kitufe kimoja. Mama akabonyeza, sauti ikaitika papo hapo, akakata na kusema kuna mtu kajificha humo ndani. Mambo mapya hayaingii tena. Namba ikibaki ofisini, wifi atakuwa anapiga kila jioni na kumpata kijana wa dirisha namba mbili, ambaye ni mtu mzuri wa kuzungumza naye, wengi wanakubali, ila siye anayetafutwa.

Mkurugenzi naye alikuwa na hoja, tusimnyime haki. Namba hiyo imepakwa kwenye ukuta wa ofisi kwa tarakimu ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Inasomwa redioni. Mwenye simu iliyoibiwa ndiyo anayoijua. "Mama, namba ni mali ya ofisi," alimwambia. "Tutakupa nyingine nzuri, hata yenye sifuri nyingi." Mtu wa kompyuta akapendekeza simu zinazoingia zielekezwe kwake huko nyumbani, ikabainika zingemfuata zote, pamoja na za watu walioangusha simu chooni.

Bi Minara hakubishana. Kesho yake asubuhi alikuja kama mteja. Akachukua namba ya foleni, akaketi kwenye benchi kati ya fundi cherehani aliyeunguza simu kwa pasi na mwanafunzi aliyemaliza bando lote hajui vipi. Zamu yake ilipofika akasogea dirishani.

"Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani, mama?"

"Nyinyi. Andika."

Hapa lazima tueleze utaratibu wetu wa kiti kifupi. Mkurugenzi ndiye aliyeuanzisha, na aliusifia kwenye mikutano. Mwakilishi wa kampuni iliyoshtakiwa akija kujibu, anakalishwa kwenye kiti kilichokatwa miguu, ili amtazame mteja kutoka chini. Shauri likifunguliwa, mshtakiwa anakaa hapo, hakuna ubaguzi. Mkurugenzi ni mrefu. Alipokaa, magoti yalifika karibu na masikio, na aliyetakiwa kuendesha shauri kwa uso mkavu, yaani mwandishi huyu, aliuendesha kwa uso mkavu, ushahidi upo.

"Wateja wana macho," Bi Minara alisema. "Pakeni namba mpya, watasoma. Wifi yangu ukutani kwenu hafiki."

"Na anayepiga usiku wa shida, Bi Minara? Naye nimwambie nini?"

"Mwambie ofisi imehama. Si ndiyo kazi tunayofundisha watu?"

Mkurugenzi akakuna goti, maana lilikuwa karibu. Akasema anaelewa, ila hawezi kubomoa jina la ofisi kwa ajili ya jamaa wa mfanyakazi mmoja. Shauri likavutana mpaka jua likaanza kupoa, na ile simu juu ya meza ikaita. Kwa kuwa alikuwa anabishania kwamba ni simu ya ofisi, Mkurugenzi akaipokea yeye. Sauti ya wifi haihitaji spika, tulisikia wote.

"Wewe nani?"

"Mimi ni mkurugenzi wa ofisi hii, mama. Nikusaidie nini?"

"Sikukuuliza kazi yako. Wifi yangu yuko wapi?"

"Yupo hapa, lakini tuko kwenye—"

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Hajafa."

"Basi mbona unashika simu yake? Watu hushika simu ya mtu akifa. Ya kaka yangu nayo aliishika mtu nisiyemjua."

Kaka yake ndiye mume wa Bi Minara. Mkurugenzi aliitoa simu sikioni pale chini. Kisha akanyoosha mkono akampa Bi Minara, akainuka kwa shida kwenye kile kiti na kuomba karatasi ya kubadili umiliki. Wakati anasaini alimwambia fundi wa rangi aandae ndoo.

Jumatatu iliyopita namba ilihamishwa. Wanaohama wanajua kile kipindi cha katikati ambapo laini ya zamani imekufa na mpya haijaamka. Sote tulienda naye nyuma ya kilima kwa gari la ofisi, tukajipanga kwenye veranda, na Mgonjwa alikuwa anaonyesha mstari mmoja tu wa mawimbi, tena kwa kupepesa. Jua likapoa. Simu kimya. Dereva akasema labda wifi kasahau leo, akatazamwa hadi akaenda kukaa ndani ya gari. Bi Minara alikuwa ameinua simu juu ya kichwa kama anayeomba kuuliza swali darasani. Ilipoita, aliiangusha, ikaruka kwenye sakafu, ikaendelea kuita. Aliokota, akasema, "Wifi, habari za huko," na sisi tukashuka ngazi taratibu kumwachia nafasi.

Kwa hiyo, wateja wetu na wafanyakazi wenzetu, sikieni. Namba mpya ya Dawati la Simu iko ukutani, rangi bado mbichi, msiegemee. Ile ya zamani sasa ni ya mtu binafsi. Msimpigie kumuuliza simu gani nzuri. Na mkiipiga kwa mazoea jioni mkakuta inatumika, kateni bila kinyongo. Mwenye zamu anaongea.

Bi Minara, asante kwa yote uliyotufundisha na kwa mengi uliyotusema. Ukae vizuri kwenye veranda yako, goti la wifi lisimsumbue, na Mgonjwa apate nafuu.