Miaka Thelathini na Minne ya Dawa ya Pinki: Tunamuaga Orest Melnychuk

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, saa sita mchana, Orest Melnychuk atavua ovaroli yake ya bluu na kuitundika kwa mara ya mwisho katika Yadi ya Kosowan hapa mjini Dauphin, tunapohifadhi magari-nyumba majira ya baridi. Aliingia kazini Oktoba 1991, wiki ambayo theluji ilianguka mapema na kila mwenye gari-nyumba akaikumbuka yadi yetu siku ileile. Ni miaka thelathini na minne kamili. Mimi, Verna Klassen, nimefanya kazi naye ishirini na miwili, yeye nje kwenye baridi, mimi ofisini karibu na hita. Nimeombwa niandike haya kwa kuwa, wanadai, mimi peke yangu naweza kumsema Orest asinune. Tutaona.

Kazi yenyewe ni kuyatoa maji. Gari-nyumba lina jiko, choo, bafu na mabomba yanayopita chini ya kitanda, na maji yakibaki humo, Januari yataganda, yatavimba na kupasua bomba. Mwenye gari atajua Mei, zulia likiwa limeshalowa. Wako mafundi wanaopuliza mabomba kwa kompresa wakaridhika. Orest hupuliza, kisha huvuta dawa ya pinki isiyoganda, hufungua koki moja moja, na habanduki mpaka kila koki iteme pinki tupu. Halafu hung'oa betri, huacha mlango wa friji wazi, huziba matundu yote dhidi ya panya na huweka mbao chini ya matairi. Amefanya hivyo kwa magari zaidi ya elfu nne. Sijawahi kumwona akifanya kwa haraka, hata siku ambazo foleni ilifika barabarani na watu wakaanza kupiga honi.

Wateja wapya humwona msumbufu. Bwana Abe Dueck alikuja mwaka wake wa kwanza akajigamba kwamba maji ameshayatoa mwenyewe, kwa hiyo yadi imtafutie tu mahali pa kuegesha. Orest akamuuliza kuhusu koki ya nje, ile ya kuoshea miguu ukitoka ziwani. Bwana Dueck akauliza, koki ipi? Alikuwa na gari hilo miaka sita, hajui kama lina koki ya nje. Orest hakucheka. Alimshika mkono, akamzungusha upande wa pili, akafungua kijimlango, na maji ya Julai yakamwagika juu ya viatu vya Bwana Dueck. Tangu siku hiyo Bwana Dueck humletea mtungi wa asali kila vuli.

Kuna pia habari ya perogi. Mama mmoja, jina namsitiri kwa kuwa naye atayasoma haya, aliacha mfuko mzima wa perogi, zile kama sambusa za kuchemsha zilizojazwa viazi, kwenye friza ya gari lake, umeme ukakatwa Oktoba, na friza ikafunguliwa katikati ya Mei, baada ya wiki tatu za joto. Marlene, fundi wetu mwingine, alikimbia hadi getini. Orest alifunga kitambaa puani, akaingia, akasafisha kwa siki na magadi siku mbili mfululizo. Mpaka leo hatoi cheti cha gari bila kuingiza kichwa kwenye friji na kunusa.

Sasa niseme na lile ambalo mwenyewe hapendi lisemwe. Mwaka 2009 alisahau koki moja kwenye gari la Peter na Hilda Unrau. Orest, wa kuwafundisha wengine, alisahau. Bomba likapasuka, sakafu ikaoza, safari yao ya kiangazi ikafa. Ingekuwa rahisi kusema plastiki ilikuwa mbovu, na bosi wetu wa wakati huo alikuwa ameshaanza kusema hivyo. Orest aliendesha mwenyewe mpaka kwao, akasimama mlangoni kofia mkononi, akawaambia ni yeye. Sakafu akaing'oa na kuijenga upya siku zake za mapumziko. Akina Unrau walisamehe wiki ileile. Yeye nadhani hakujisamehe, na ndiyo maana tangu hapo hakutaka mtu mwingine amalizie gari lolote peke yake. Marlene ana miaka tisa nasi na mikono ya dhahabu, lakini kila gari alilolimaliza, Orest alipita nyuma yake akifungua koki upya.

Orest naye ana gari-nyumba. Alilinunua 2006, na mkewe, Zenovia, alichagua mapazia. Dada yake Zenovia, Stefka, anaishi Yuma, Arizona, kusikoganda kitu, na kila mwaka humwita aje akae naye miezi ya baridi. Kila mwaka Orest alisema mwakani. Oktoba ina kazi nyingi, Aprili ina kazi nyingi, na katikati yake lazima mtu apande juu ya paa kuondoa theluji. Kwa hiyo majira ya baridi kumi na tisa gari lile limelala safu ya kwanza, likiwa limejaa pinki, mapazia yakipauka.

Mwaka huu ilikuwa iwe tofauti. Anastaafu Ijumaa, wanaondoka Jumamosi, Stefka ameshawashikia nafasi. Jumapili ya sikukuu ya Shukrani, tarehe 12 mwezi huu, Zenovia aliingia garini kupanga vyombo, akafungua koki ya jikoni asuuze vikombe. Ikatoka pinki: Orest alikuwa ameshaliandaa lilale baridi nyingine.

Jumanne asubuhi alikuja yadini. Orest alijitetea kwamba ni kwa sababu ya jalidi za usiku tu, mtu hawezi kubahatisha. Zenovia akamuuliza kama betri nazo zimeng'olewa kwa sababu ya jalidi za usiku. Na mbao chini ya matairi? Na mitego ya panya? Tulikuwa wanne ofisini, na mimi nilijifanya natafuta faili. Orest alitazama mikono yake. Akasema hakukusudia. Aliingia kufunga dirisha, akajikuta amemaliza kazi yote, na alipogundua, moyo wake ulikuwa umetulia kuliko wakati wowote mwaka huu, na hilo ndilo lililomtisha.

Zenovia hakupaza sauti. “Baba Larissa,” alisema, “dada yangu ana miaka themanini na miwili. Mimi nimeishiwa na mwakani za kumwambia. Jumamosi hiyo naondoka. Ukibaki, nitapanda basi.”

Kisha akamgeukia Marlene, akamuuliza waziwazi kama kazi hii anaiweza au haiwezi.

“Naiweza,” Marlene akajibu. “Yeye ndiye hajajua.”

Katika miaka tisa sijawahi kumsikia Marlene akisema maneno mengi hivyo mbele ya Orest. Hapo ndipo walipoafikiana. Safu ya mwisho ilikuwa na magari ishirini na matatu. Marlene angeyafanya yote, Orest asiguse hata koki moja, na yakishakwisha angeyakagua. Akikuta kosa, Zenovia angepanda basi peke yake na asingenung'unika. Asipokuta, wangeondoka wote wawili.

Siku zile Orest alikaa ofisini kwangu, na naomba nisiulizwe zilikuwaje. Alipanga upya funguo zote kwa rangi. Alifagia mara tatu kwa siku. Alisimama dirishani akihema mpaka kioo kikafanya ukungu, akifuta, akihema tena. Nilimpa kahawa, ikapoa mkononi. Mara moja Marlene alichelewa kutoka kwenye gari moja, na Orest akafika hadi mlangoni, akashika kitasa, akarudi akaketi. Nilitaka kumkumbatia, lakini hatuna mazoea hayo.

Jumamosi iliyopita alikagua. Alianza saa mbili asubuhi, peke yake, na tochi yake. Marlene alikuwa bandani akipanga mapipa yaliyokwisha kupangwa. Saa kumi jioni Orest aliingia ofisini, akavua glavu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilidhani kuna msiba.

“Hakuna kosa hata moja, Verna,” alisema. “Hata moja.”

Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha. Kisha akaomba simu yangu, akampigia mkewe, akamwambia asirudishe vikombe kabatini nyumbani. Maji hawatatia sasa, wataondoka na pinki mabombani, watakunywa ya chupa njiani, na watasuuza mabomba wakifika kwenye joto.  Upande wa pili nilisikia mtu akivuta kiti na kukaa.

Orest, kwa niaba ya Yadi ya Kosowan na wenye magari wote ambao hawajui ni mara ngapi umewaokoa, asante. Asante kwa kila koki uliyoifungua mara ya pili bila kulazimishwa na mtu. Asante pia kwa kumwachia Marlene koki za kwake. Zenovia, asante kwa kutuazima mumeo majira kumi na tisa ya baridi yaliyokuwa yako. Tunamrudisha akiwa mzima, isipokuwa magoti. Tunawaombea barabara kavu, jua la kutosha, na Stefka mwenye nguvu mpaka mfike na miaka mingi baadaye.

Na wewe Orest, usitupigie kuuliza tunaendeleaje. Tutakuhitaji, labda wiki ya kwanza tu ya Novemba. Lakini hatutakupigia.