Mzee Pole Anastaafu, Ukuta wa Kioo Unabaki

Mzee Pole, mkaguzi wetu wa skrini, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike kwa uchangamfu, maana kustaafu ni jambo la heri. Nimekaa chumba kimoja na huyu mzee kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Uchangamfu nitautafuta, ila sina hakika kama nitaupata.

Kwa wasioijua kazi yetu: kabla ofisi haijanunua kompyuta za mezani, sampuli huletwa kwetu. Siku hizi nyingi ni zile za kipande kimoja, ambazo mashine yote imefichwa nyuma ya skrini na hakuna boksi la pembeni. Zinapendeza mezani, sikatai. Ubaya wake ni kwamba skrini ikikushinda huwezi kuing'oa ukaweka nyingine. Ukiikataa skrini umeikataa kompyuta nzima. Ndiyo maana Mzee Pole alikuwa mkali. Alijua kwamba tukikosea sisi, kuna mtu atakaa na kosa letu uso kwa uso mpaka mashine ife.

Aliingia kazini kama fundi wa mashine za kuchapa, zikafa moja moja mikononi mwake, akahamishiwa kwenye kompyuta. Huko alikuja na utaratibu uliowachekesha wengi: skrini aliikagua kwanza ikiwa imezimwa. Anakaa, dirisha likiwa mgongoni, anajitazama kwenye kile kioo cheusi. Akiviona vifungo vya shati lake, anaguna. Akiweza kujua kama amenyoa vizuri, mashine inarudi kwenye boksi lake. Ikipita hapo ndipo anaiwasha. Anaweka ukurasa mweupe aone kama pembe zimefifia, kisha mweusi aone kama mwanga unavuja, kisha safu za namba ndogo, tatu na nane zikiwa zimebanana. Mwisho anamwita karani, si bosi, anamwambia afanye kazi yake asubuhi nzima hapo, naye anakunywa chai pembeni akijifanya hamwangalii.

Hakuwa malaika. Kuna sampuli moja aliikataa wiki nzima akidai ina doa jeupe katikati lisilofutika. Fundi wa muuzaji akaja, akafuta, akafungua, akafunga, doa lipo. Mama wa chai aliposimama nyuma ya Mzee Pole na birika akalitazama kidogo, akasema, "Mzee, mbona hilo doa linapumua?" Lilikuwa shati lake. Kuanzia siku hiyo, kila skrini ilipofaulu mtihani wa vifungo, alivaa koti jeusi kabla ya kuendelea, na baadaye akazoea kutembea nalo, joto lisiwe joto. Wageni wa mapokezi, wakidhani amefiwa, wakawa wanampa mkono: "Pole sana mzee, ni nani?" Mwanzoni alieleza habari ya skrini. Baadaye alichoka, akawa anajibu tu, "Tumeshapoa." Jina likamganda.

Mafanikio yake ni magumu kuyaandika, kwa sababu skrini nzuri haina sifa. Mtu akikaa mbele yake anasahau kwamba ipo. Zile mashine za chumba cha wahasibu, zenye kioo kisichong'aa na mguu unaoinama utakavyo, alizichagua yeye, na sijasikia mhasibu hata mmoja akimshukuru. Wahasibu wenyewe mnawajua.

Sasa nifike pale ambapo mhariri angependa niruke.

Mwaka jana uliletwa mpango wa kununua kompyuta za ukumbi wa masjala, pale wananchi wanapokuja kurekebisha kumbukumbu zao. Makarani wanawatazama wananchi, na mgongoni mwao kuna ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Asubuhi jua lote linaingia juu ya mabega yao. Kugeuka hawawezi, kaunta imejengwa kwa zege. Sampuli iliyoletwa iling'aa kama sufuria ya dukani. Mzee Pole alikaa nayo palepale kaunta, akaandika kwamba haifai.

Wakubwa waliitazama kwenye chumba cha mikutano, mapazia yamefungwa, taa zimepunguzwa. Muuzaji akaonyesha video ya samaki wa rangi rangi. Nilikuwepo, hata mimi nilitamani kuwashika. Mkuu wa manunuzi akasema, "Mzee, rangi hii imetulia bwana, hata nyumbani ningeiweka." Mzee Pole akamjibu, "Wewe utaangalia samaki. Dada wa kaunta ataangalia namba." Hapo mtu mmoja akakikumbusha kikao kwamba mke wa Mzee Pole ni karani wa kaunta hiyohiyo. Ikawa basi. Kauli ya mkaguzi ikageuka kuwa ya mume anayemtetea mkewe, na ripoti yake ikawekwa kando kwa heshima zote. Kana kwamba jua linauliza huyu ni mke wa nani.

Zikanunuliwa. Makarani wakajitengenezea vibanda vya makatoni kuzunguka skrini, wakaamriwa waviondoe kwa sababu vinachafua ukumbi. Mzee Pole akaomba mapazia. Akajibiwa kwamba ukuta ule ndio sura ya jengo.

Mkewe mimi namwita wifi, na ni wifi kweli, ingawa mimi na mumewe hatuna damu moja. Ni karani makini kuliko wote ninaowajua. Miezi miwili baada ya mashine kufungwa, wifi aliiona nane akaandika tatu, na kijana mmoja akatoka pale na karatasi inayosema amezaliwa kabla ya mama yake. Watu walicheka mpaka machozi. Wifi alipewa onyo. Mwezi wa tano akarudia kosa la namna hiyo, akapewa la pili. La tatu ni kuachishwa kazi, na amebakiza miaka sita tu astaafu naye. Mapacha wao bado wako shule. Jioni wanaongea kwa kunong'ona kwa sababu mama yao amelala na kitambaa cha maji usoni, na Mzee Pole ameketi pembeni ya kitanda kama aliyeshtakiwa.

Wiki tatu zilizopita alianza kwenda masjala kila asubuhi. Hakugombana na mtu. Alisimama tu nyuma ya kiti cha mkewe, kati yake na ukuta wa kioo, na kwa kuwa ni mrefu, kivuli chake kikaifunika skrini yote. Wifi aliona aibu: "Baba Mapacha, nenda ukafanye kazi zako, watu wanatuangalia." Akamwambia, "Wewe soma namba, mama." Akasoma. Kwa muda wote huo hajakosea hata tarakimu moja. Jua likishapanda juu ya paa, mzee anarudi chumbani kwetu, anakaa, anakanda magoti.

Jumatatu msimamizi wa ukumbi alimwita pembeni, kwa adabu. Akamwambia kwamba wananchi wanauliza yule mzee anayesimama pale ni nani, na kwamba kuanzia wiki ijayo, akishakuwa si mtumishi, mlinzi hatamruhusu kupita nyuma ya kaunta. Mzee Pole alimshukuru. Alipoingia chumbani alikaa mbele ya sampuli iliyozimwa, akajitazama muda mrefu. Nilidhani anakagua. Alikuwa analia.

Nimeandika barua mbili kwenda juu kuhusu mapazia, sijajibiwa. Nafasi yake ya ukaguzi haitajazwa. Tumeambiwa siku hizi muuzaji anakuja na vipimo vyake mwenyewe. Mimi nimekata tamaa, na sioni sababu ya kulificha hilo kwenye jarida ambalo wakubwa hawalisomi.

Kaka, asante. Asante kwa kila mtu aliyefanya kazi siku nzima hapa bila kuumwa kichwa na asijue kwa nini. Asante kwa kuninunia kila nilipotaka kuipitisha mashine kwa sababu ni nzuri. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na haraka. Ningependa kumalizia kwa kukuambia usiwe na wasiwasi juu ya wifi, kwamba sisi tunaobaki tutamsimamia. Jana ulipokwenda kusaini karatasi zako za kuondoka, nilishuka masjala nikasimama pale unaposimama, nikajinyoosha mpaka ncha za vidole. Mimi ni mfupi, kaka. Kivuli changu kinaishia kwenye kibodi.