Torleiv na Hita Yake

"Hita siwashi, mama, hata ukinuna!"

"Krismasi ulinipeleka hivyo hivyo, Torleiv, pumzi ikaganda kwenye kioo, nikakwangua barafu kwa ndani!"

Nilikaa nyuma yao kwenye basi la mjini Alta, kaskazini mwa Norwe. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Jamaa alikuwa na mama mkwe wake, wanafuata gari lake la umeme kwenye chaji.

"Jana lilisema kilomita mia nne," akasema. "Leo, kwa baridi hii, mia mbili na kumi. Kautokeino kwenye ubatizo ni mia na thelathini. Wakifunga barabara mlimani tukae foleni kusubiri gari la kusukuma theluji, hita itakula chaji yote. Si uvae ngozi ya kondoo?"

"Kondoo ni wewe."

Basi zima tukacheka. Mama alikuwa amepakata boksi la gauni la ubatizo, ukoo mzima umebatiziwa humo. Basi likasimama.

"Kesho mwanao habatizwi bila gauni hili," akasema, "na gauni haliendi bila mimi. Ukiamua kuwasha, unapajua kwangu."

Akashuka na boksi lake, akampa mgongo, akaenda zake.