Sahani ya Simba

Sogeeni, wanangu, lakini asiniguse mtu. Shee, simama hapo hapo. Nawe Kuluthumu, acha kumtazama kaka yako kwa jicho hilo, sijafa bado. Sahani nimeipakata mwenyewe, basi atakayenirukia, vipande tutaviokota sakafuni.

Nasikia yule Mzungu wa Saint Paul, mnunuzi wa vyombo vya kale, anakuja alasiri hii kuichukua. Loo! Mwenye mali yu hai, mnunuzi yuko njiani! Shee, uliitoa sandukuni nilipokuwa kliniki ukampelekea aitazame; nawe Kuluthumu ukamwita kaka yako mwizi mbele za majirani, ukatishia kumwitia polisi. Polisi wa Minneapolis, kwa sahani! Tangu hapo hamsalimiani, mnapishana mlangoni pangu kila mmoja na theluji ya viatu vyake. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wenu anavaa miwani.

Huyo Mzungu kasema kweli moja, sikatai. Zamani bwana mmoja wa Ulaya alipeleka China mchoro wa nembo ya ukoo wake, simba na taji, achorewe vyombo. Fundi wa kule, ambaye simba hajamwona, akamchora kama paka aliyekaripiwa. Paka huyu kanichekesha tangu utotoni. Lakini huyo mnunuzi aliposema sahani inarudi kwao, roho iliniungua. Kwao wapi? Mzungu aliagiza, Mchina akachora, ila aliyeiweka kidakani, kwenye shubaka la ukuta wetu kule Lamu, ni bibi yangu, na humu ndimo lilimoandikwa kombe lako, Shee, siku tulipokwisha kukukatia tamaa: aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, ukanywa, ukaamka ukataka uji. Ati dhahabu ya ndani imefutika, thamani imepungua! Imefutwa na kidole hiki, nikiwaoshea dawa.

Sikilizeni wosia. Shee, wanao wamebanana chumba kimoja, nawaona, na ile nyumba ya kule Blaine, nje ya mji, unaitamani kwa haki. Itafute kwa jasho lako, na dada yako akusaidie. Kuluthumu, kwetu vyombo vya ndani humfuata binti, lakini binti anayemfukuza kaka yake, vyombo hivyo vya ndani ni vya nini kwake? Sahani isiuzwe. Ikae kwa Kuluthumu, na mtoto wa Shee akiugua, kombe lake liandikwe humu humu, mlango usifungwe. Nami mnizike hapa hapa, kwenye baridi yenu, msigombanie hata safari ya maiti.

Lakini dini naijua: mrithi haachiwi kitu kwa wosia mpaka mrithi mwenziwe aridhie. Shee, siwezi kukulazimisha, wala sitakulaani. Nakuomba, baba. Sema umeridhia, nikiwa ninasikia.

Mmesikia kengele? Ndiye huyo, yuko chini. Mwacheni aipige... Mbona unatazama mlango, Shee? Nipe maji, Kuluthumu. Hapana, usiende, acha maji. Njooni wote wawili. Shee, kama umeridhia, shika ukingo huu; Kuluthumu, ule. Taratibu. Mungu awape afya na wana wema, awafunike kwa sitara yake, na radhi yangu iwe juu yenu... mkiwa pamoja. Vidole vimekufa ganzi. Atakayevuta ndiye atakayeivunja. Mmeshika? Shee, mwanangu, umeshika?

Haya. Naachia.