Mwalimu Penina na Maji ya Meza Kuu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kwenye bodaboda aegeshe kivulini. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewakimbiza watu wazima wa Dodoma mpaka vitambi vikapungua. Jina lake Penina Ndahani. Wengi tulimwita Mwalimu Penina.

Alizaliwa Gulwe, wilayani Mpwapwa, kwenye nyumba iliyotazama reli. Mdogo wake, Bi Anyesi, anasema mbio zilianzia hapo hapo.

"Treni ikianza kuondoka, dada anaikimbiza," anatuambia Bi Anyesi huku akicheka. "Mama anamwita akachote maji, yeye yuko kule anawapungia abiria. Alichapwa, jamani! Kesho yake anakimbia tena."

Alifundisha shule ya msingi Kongwa miaka mingi. Kila asubuhi, kabla ya darasa, mchakamchaka. Alipostaafu akahamia Ipagala, hapa mjini, akaona majirani wanavyopanda ngazi wakihema, roho ikamuuma. Akaanzisha klabu ya kukimbia. Wakaja makarani, mama lishe, mafundi, hata mchungaji mmoja mnene aliyeapa kwamba anakuja kuwaombea tu. Mumewe, Mzee Lameck, anasema alioa mwalimu wa Hisabati, uzeeni akajikuta analala nyumba moja na kipenga.

Klabu ilikimbia kwa nyimbo, kama shuleni. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mwanzishaji alikuwa Halfani, mwenyeji wa Kondoa, muuza viatu pale Majengo. Huyu Halfani, wasikilizaji wapendwa, ni mcheshi wa kupindukia. Akikuambia pole unacheka. Shikeni hilo, maana ndilo lililotaka kumuua.

Ilikuwa Oktoba. Klabu ilialikwa kwenye bonanza kule Bahi. Mbio zilipangwa kuanza alfajiri. Lakini mnatujua. Mbio hazianzi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa njiani. Watu wakasubiri. Jua likapanda. Mgeni rasmi bado yuko njiani. Alipofika, akasalimia, akahutubia, akapiga picha. Mbio zikaanza saa nne na nusu. Saa nne na nusu, Oktoba, Bahi!

Na siku hiyo klabu ilikuwa imeshona trakisuti mpya, nzito, za bluu. Nani avue, wakati klabu za Singida na Morogoro zinatazama? Upepo nao ulikuwa unavuma. Upepo wetu huu ni mwongo. Unakausha jasho mgongoni, unadhani mwili umepoa, kumbe maji yanakwisha.

Wakakimbia. Halfani anaanzisha, watu wanaitikia. Walipokaribia kumaliza, mara Halfani akaanzisha wimbo, akauitikia mwenyewe. Watu wakacheka. Akayumba kidogo, akageuka, akaanza kurudi walikotoka.

"Halfani, wapi huko?"

"Naenda kufungua duka," akajibu.

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Halfani bwana! Mwalimu Penina peke yake hakucheka. Alimfuata, akamshika mkono. Mkono ulikuwa wa moto.

"Halfani, mama yako anaitwa nani?"

Halfani akamtazama. Hakujua. Jina la mama yake mzazi, Bi Zaitun, lilikuwa limempotea. Kisha akaanguka.

Mwalimu hakupiga yowe. Alisema, "Kivulini. Mvueni hilo koti." Wakambeba mpaka chini ya turubai la wageni. Maji ya wakimbiaji yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa meza kuu, chupa za mgeni rasmi, kwenye beseni la barafu lililofunikwa kitambaa cheupe. Mratibu wa bonanza, Bwana Gerson, akasimama mbele ya beseni.

"Mwalimu, hayo ni ya mheshimiwa."

"Mheshimiwa amekaa kivulini tangu afike. Pisha."

Akabeba beseni zima. Akammwagia Halfani kichwani, shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Akamwekea barafu shingoni. Kina mama wakampepea kwa khanga. Mmoja alitaka kumnywesha, Mwalimu akamzuia: mtu aliyechanganyikiwa anapaliwa. Mwagia, pepea, mwagia tena. Alipoanza kupoa ndipo wakampakia kwenye gari la mgeni rasmi, ambaye kwa kweli alitoa funguo kabla ya kuombwa, na njia nzima ya kwenda hospitali Mwalimu aliendelea kummwagia maji juu ya viti vya mheshimiwa.

Halfani anasimulia mwenyewe. "Nikafumbua macho, nikamwona Mwalimu. Nikamuuliza, tumeshinda? Akasema, 'Tumeshindwa na trakisuti.' Halafu akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia."

Daktari alisema wangechelewa kumpoza, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Mwaka uliofuata, bonanza lilikuja Ipagala. Jua linachomoza, mgeni rasmi yuko njiani. Bwana Gerson akamjia Mwalimu, jasho linamtoka. "Tukianza bila yeye tutaaibika."

"Gerson, aibu nitabeba mimi. Wewe beba maji."

Akapuliza kipenga. Mgeni rasmi alipofika, watu walikuwa wamekwisha kukimbia, wamevaa fulana nyepesi, wanakunywa uji wa karanga wakitaniana. Akavisha medali, akapewa kikombe cha uji, akaondoka anatabasamu. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Mwalimu Penina alifariki dunia wiki mbili zilizopita, baada ya kuugua muda mfupi. Amezikwa Gulwe. Halfani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Safari hii hakumchekesha mtu yeyote.

Pole sana, Mzee Lameck. Pole, Bi Anyesi, watoto na wajukuu. Poleni wanaklabu wa Ipagala. Mungu ampumzishe mwalimu wetu mahali pema.

Nasi tuliobaki tutafakari. Oktoba ndiyo hii, na jua mnaliona. Wenye mbio zenu Jumamosi, kimbieni mapema, na mtazamane usoni mkiwa njiani. Mkichelewa, bwana, msikimbie. Kaeni, kunyweni chai, pigeni soga, tanianeni mtakavyo. Halafu mrudi nyumbani wote.