Kuangalizia Mtihani wa Tabia

Kijiwe chetu cha Ipuli kina benchi moja, mguu wake mmoja ni tofali, na kina watu wenye majibu ya kila kitu. Juma lililopita alipita Daktari Mektilda, mwanasaikolojia anayechunguza tabia za watu na kupima afya ya akili, akatuachia dodoso la maswali sitini ya ndiyo na hapana. Alisema tusiandike majina, na kwamba hakuna kufaulu wala kufeli. Nani anaamini maneno hayo? Raymundi, fundi baiskeli tunayemwita Spoku, alifika kidato cha nne, kwa hiyo tukamwacha ajibu kwanza. Mimi, Majidi na Vedasto tukaangalizia neno kwa neno. Leo daktari amemtumia ujumbe Mustafa muuza kahawa: saa kumi anakuja kutuona wote wanne. Spoku hajagusa kashata. Amenong'ona sikioni mwangu kwamba yeye alijibu ukweli mtupu, na hataki kijiwe kijue alichoandika.

Majidi ni Waziri, kwa kuwa aliwahi kumfungulia waziri mlango wa gari. Vedasto ni Profesa, kwa ajili ya miwani tu.

WAZIRI: Tumefaulu hao! Nani anafunga safari kumfuata aliyefeli?

PROFESA: Tena wanne kwa mpigo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

SPOKU: Wahenga hawakusema muangalizie.

PROFESA: Chawa ndio mtihani wenyewe, Spoku. Elewa fasihi.

MIMI: Je, akigundua?

WAZIRI: Agundue nini? Akili zetu zinafanana. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, njia moja, wimbo mmoja, miezi mitatu. Ukimfuata mtu hivyo, akili yake inakuingia kupitia kisogo chake.

MUSTAFA: Babu yako alilima karanga Itetemia. Hata Nzega hakufika.

WAZIRI: Damu nzito kuliko maji. Mimina kahawa.

PROFESA: Mimi nawaambia, tunapelekwa Dodoma. Watachukua akili zetu wazitie kwenye chanjo, nchi nzima ifikiri kama Ipuli.

SPOKU: Jamani, tumwambie ukweli, achane karatasi zote yaishe.

WAZIRI: Achane akili ya taifa? Spoku, una husuda!

Spoku akainuka aondoke. Bajaji ikasimama mbele yake, daktari akashuka na bahasha.

DAKTARI: Shikamooni.

WOTE: Marahaba, mayu, mama yetu.

DAKTARI: Wazee wangu, mmelingana maswali yote sitini. Hata pale mmoja alipokosea akafuta, wote wanne mmefuta.

PROFESA: Ni msafara huo, mayu. Kisogo.

Daktari akacheka mpaka akashika benchi. Halafu akatoa karatasi.

DAKTARI: Sikuja kugombana. Nimekuja kwa ajili ya swali la arobaini: "Je, una mtu wa kumwambia linalokusumbua?" Wote mmeandika hapana. Benchi hili mmekaa miaka mingapi?

WAZIRI: Kumi na minane. Kila siku, kasoro Idi na Krismasi.

DAKTARI: Basi hiyo hapana ni ya kweli? Asiyetaka kusema hapa, anifuate ofisini, tutakuwa wawili tu.

Waziri akatazama kikombe. Profesa akavua miwani. Mimi nilipata aibu, aibu hasa, maana neno lile nililiandika bila hata kusoma swali.

SPOKU: Ni ya kwangu. Hawa waliangalizia tu.

Daktari akataka kusema, Waziri akamwahi.

WAZIRI: Mayu, ya kwangu ifute. Mimi mtu wa kumwambia ninaye, ndiye huyu. Namsimulia kila siku mpaka anachoka.

Akamgeukia Spoku, sauti imeshuka.

WAZIRI: Ila mimi sijawahi kukuuliza wewe. Kaa, ndugu yangu. Leo sisemi neno.

MUSTAFA: Waziri anyamaze? Daktari, hilo nalo liandike!

Tukacheka wote, hata Spoku. Profesa akasogea, nafasi ikapatikana katikati, Spoku akakaa akiwa bado anafuta macho kwa kicheko.

SPOKU: Tangu mke wangu Eustadia afariki, silali. Mwaka mzima sasa. Nageukia upande wake, nataka kumwambia kitu, hayupo.

Hakuna aliyetoa methali.